Cheni ya Kukatia Kuni za Baba

Kwako baba yangu,

Shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza, halafu namwamkia mama, ambaye najua amekaa kwenye kigoda chake karibu na mlango akichambua maharage ili aonekane hasikilizi, kumbe masikio yote yako huku. Shikamoo mama. Na wewe kaka, uliyeishika barua hii na unaisoma kwa sauti, u hali gani? Shikamoo yako nimeiweka akiba, utaipata tukimaliza. Kunywa maji kabisa kabla hujaendelea, maana leo nimeandika ndefu.

Mimi huku sijambo. Wiki mbili zilizopita kifua kilinibana kwa sababu ya vumbi la chuma, nikakohoa mpaka mbavu zikaniuma, lakini bibi mwenye duka akaninunulia dawa na kitambaa cha kufunga puani, akanigombeza kama mama mzazi, na sasa napumua vizuri. Macho yako vipi, baba? Kaka aliandika kwamba siku hizi unawatambua watu kwa sauti na kwa mwendo tu, na kwamba daktari amesema huo mtoto wa jicho anaweza kutolewa. Naomba iwe hivyo, maana yapo mambo ambayo ningependa uyaone mwenyewe. Na goti la mama je? Asibebe maji. Humo ndani kuna mwanamume mzima mwenye mabega mapana, abebe yeye.

Kazi yangu inaendelea. Sijawahi kukueleza vizuri ninafanya nini huku, kwa sababu hujawahi kuuliza, na mimi nina kiburi, nimekirithi kwako. Duka letu liko barabara ya nyuma ya kituo cha mabasi, katikati ya muuza matairi na mshona viatu. Ukutani tumepiga misumari mistari minne na kila msumari una cheni zake: za misumeno midogo ya kukatia matawi, za mashine kubwa za kuangushia miti, za kupasulia mbao, za kuni. Mimi nakaa dirishani penye mwanga, mbele ya jiriwa iliyofungwa kwenye meza ili ibane cheni isitikisike, na kazi yangu ni kumchagulia mteja cheni inayomfaa na kumnolea ile iliyochoka. Wananiita Dada Meno. Mwanzoni nilikuwa nanuna, siku hizi naitika. Wanaume na ndevu zao wanasimama foleni mbele ya dirisha langu wameshika cheni kwenye mifuko ya plastiki, na bibi mwenye duka akiwaambia yupo fundi mwingine asiye na foleni, wanasema hapana, watamsubiri dada. Nakueleza haya ili ujue tu, sio kwamba najisifu. Aa, wacha niseme kweli. Najisifu.

Siku ya kwanza nilipokuja kuomba kazi, bibi huyo alinitazama juu mpaka chini, akanipa cheni butu na tupa mbili, akaenda kupika chai. Aliporudi alinikuta nimemaliza meno yote, na tupa moja sijaigusa. Akaniuliza kwa nini. Nikamjibu kwamba ile haikuhitajika. Akanionyesha pa kutundika kanga yangu. Tangu siku hiyo, baba, nimenoa cheni nyingi kuliko nywele za kichwa changu, na sitakuficha, kila jino nililolipitishia tupa nilikuwa namfikiria mtu mmoja aliyenikosea. Nilikuwa najinoa mimi mwenyewe kwa ajili yake.

Sasa nije kwenye barua yenu. Ilinifikia Jumanne, imeandikwa na kaka kwa niaba yako. Inasema mashine yako ni ileile, bado inanguruma lakini haikati. Kwamba mwoka mikate analalamika kuni zinachelewa na tanuri lake linapoa. Kwamba kaka alinunua cheni mpya inayong'aa na ndani ya siku tatu ikawa butu kama kijiko. Na kwamba mwoka mikate amewapa mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo atatafuta kuni kwa mtu mwingine. Kwa hiyo mnaomba niwachagulie cheni ya kukatia kuni. Ndani ya bahasha kulikuwa na kamba. Kamba, baba! Kaka ameizungushia cheni kamba, akaikata, akaniletea kipimo. Nilimwonyesha bibi mwenye duka, akacheka mpaka akakaa chini, akauliza kama nyumbani kwetu mashine inashonewa suruali.

Kamba ningeicheka nikaisahau. Lakini chini kabisa, baada ya salamu zote, palikuwa na mstari mmoja. Ulisema: baba anasema achague cheni, ila asiitie tupa, tutanoa wenyewe.

Niliusoma mara tatu. Nikaiacha kazi ya mteja kwenye jiriwa, nikaenda uani nyuma ya duka nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Cheni mpya inatoka kiwandani imeshanolewa, haihitaji tupa ya mtu yeyote, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Kwa hiyo mstari ule haukuwa wa cheni. Ulikuwa wa kunikumbusha mimi ni nani nyumbani kwetu. Mimi ndiye yule binti aliyenoa vibaya, baba yake akakatwa vidole. Miaka kumi na mmoja na bado hamjachoka. Sijui kama maneno yale ni yako au kaka aliyapachika mwenyewe, lakini kama aliyapachika, alijua hutayakana. Hicho ndicho kilichoniuma.

Nilitaka kulipiza palepale, haki ya nani. Niliporudi mezani nilichukua cheni mpya nikaibana kwenye jiriwa, nikashika tupa, nikaanza kuhesabu kichwani nikiigusa hapa na pale itamfanya nini kaka huko aliko. Najua kabisa pa kugusa, ndiyo kazi yangu. Nilikaa hivyo dakika nzima na mteja mmoja dirishani akaniuliza kama naumwa. Kisha nikaiweka tupa chini. Usidhani nilimwonea huruma kaka. Nilikumbuka tu kwamba wewe huwa huwezi kukaa mbali na gogo likikatwa, na sasa huoni. Nikasema basi, nitatafuta kisasi kisichotaka damu. Nimekipata, na ndicho hiki mnachosomewa.

Wewe ndiye uliyeweka sheria ya barua katika nyumba yetu. Barua inasomwa mbele ya watu wote, kuanzia salamu mpaka jina la aliyeandika, hairukwi hata koma, kisha inasomwa tena mara ya pili ili wa kujibu ajue anajibu nini. Ulimchapa kaka siku aliporuka ule mstari wa mwalimu wake kuhusu utoro, unakumbuka? Basi ugonjwa wake wa kuruka mistari naujua. Kwa hiyo cheni sikuileta nyumbani. Dereva wa basi anawaletea barua hii mpaka mlangoni, lakini kifurushi chenyewe atakiacha kwa shangazi, pale anaposhonea nguo. Shangazi anayo nakala ya barua hii, neno kwa neno, na ameshaisoma. Jumapili alasiri atakuja hapo, atakaa karibu yako, na atakuuliza swali moja, wewe peke yako. Jibu limo humu ndani na sisemi liko wapi. Ukilijua, atakupa cheni mkononi. Usipolijua, cheni itarudi kwa basi na mwoka mikate aende anakotaka.

Ningeweza kumwomba shangazi akusomee yeye, kazi ikaisha. Sitaki. Nataka yatoke kwenye kinywa kilekile kilichonipaka matope. Kaka, hapo naona umekohoa. Endelea tu, baba anakusikiliza.

Tuanze na cheni, maana nimeombwa cheni na mimi kazi siifanyi nusu. Cheni haipimwi kwa kamba. Ikichoka inavutika, na cheni mbili za urefu mmoja zinaweza zisikae kwenye mashine moja. Upande wake wa chini kuna vijino bapa, vile vinavyotembea ndani ya mfereji wa upanga wa mashine, lile bamba refu ambalo cheni inalizunguka. Hivyo ndivyo vinavyohesabiwa. Ukishahesabu, unaangalia unene wake, visiwe vinene vikakwama kwenye mfereji wala vyembamba vikachezacheza, kisha unaangalia nafasi kutoka ripiti hadi ripiti, vile vipini vinavyounganisha pingili za cheni, ilingane na gia inayoizungusha. Ukikosea hata kimoja, umenunua mkufu wa kuvaa shingoni. Cheni ya mashine yako ina vijino sabini na viwili. Sikuhitaji kamba ya mtu kulijua hilo. Nilivihesabu nikiwa na miaka kumi, nimekaa kwenye kizingiti katikati ya miguu yako, wewe ukivipitisha kimoja kimoja na mimi nikitaja namba. Ulikuwa bado na vidole kumi.

Halafu kuna meno yenyewe. Ile cheni ya kung'aa, kwa jinsi kaka alivyoieleza, ni ya meno yenye pembe kali, kama kona ya sanduku. Muuzaji alimwambia inakata haraka kuliko zote, na hakumdanganya. Inakata haraka kwenye mti mbichi, msafi, ambao haujaburutwa popote. Lakini magogo yenu nayajua. Yamekauka mpaka yanalia ukiyagonga, yamevutwa kwenye mchanga, magome yamejaa udongo, na mengine ni nguzo za ua wa watu zenye misumari iliyosahauliwa ndani. Pembe kali ikigusa mchanga mara moja, imekwisha. Kuni za namna hiyo zinataka jino lenye bega la mviringo. Linakwenda polepole kidogo, lakini linavumilia uchafu na halikuaibishi saa nne asubuhi mteja akiwa amesimama. Hilo ndilo nililowachagulia. Kaka alichagua kwa mng'aro, na sishangai, hata viatu huvinunua hivyo halafu anachechemea wiki nzima.

Bado jambo moja, na hili nataka lisomwe polepole. Mbele ya kila jino kuna kinundu. Wewe baba unakijua, lakini kaka na akitaje kwa sauti: kinundu. Kazi yake ni kulizuia jino lisiume kuni kuliko linavyoweza kumeza. Kikiwa juu sana, cheni inateleza na kutoa unga. Kikiwa chini sana, jino linauma pande kubwa kwa mpigo mmoja, mashine inaruka, gogo linavutwa, na aliye karibu Mungu amsaidie. Watu wasiojua wanadhani kinundu kinaichelewesha mashine. Wanakishusha, wanashusha na kinachofuata, mpaka mashine inaanza kula kwa pupa na wao meno nje. Sasa sikiliza. Meno yananolewa kwa tupa ya mviringo. Vinundu vinashushwa kwa tupa bapa. Ni tupa mbili tofauti, baba, na mimi ulininunulia ya mviringo tu. Ile bapa ulikuwa nayo wewe, kwenye sanduku lako lenye kufuli, kwa sababu ulisema vinundu si kazi ya watoto.

Jioni ile kabla ya ajali niliyenoa ni mimi, sikatai. Misukumo mitatu kila jino, kulia kwanza, halafu kushoto, kama ulivyonifundisha. Asubuhi mwoka mikate akaja mwenyewe na mkokoteni, ana haraka, anataka kuni hapohapo. Wewe uliegemeza mkono kwenye ncha ya gogo ili lisitikisike, kama ulivyofanya maisha yako yote, na kaka akawasha mashine. Ikauma. Gogo likavutwa, mkono wako ukavutwa nalo. Mengine hayahitaji kuandikwa, mama bado anayaota.

Ulipotoka hospitali, mkono umefungwa, kitu cha kwanza ulichoomba ni cheni. Ukaketi kibarazani ukaipitishia kidole gumba cha mkono mzima, ukakuta vinundu hakuna. Ukauliza nani ameinoa. Kaka alijibu kabla hujamaliza swali, akasema ni mdogo wake. Nikalia, nikaapa, nikasema vinundu sikuvigusa. Kaka akasema pengine nilijisahau, eti mtoto wa kike na kazi ya chuma wapi na wapi. Wewe hukunipiga wala hukunitukana. Uliniomba tupa yangu, nikakupa, ukampa mama aiweke kabatini chini ya mashuka. Bora ungenipiga. Hukujiuliza tupa bapa niliipata wapi, na mimi sikulaumu, ulikuwa na maumivu. Lakini ningependa leo ujiulize.

Nikaishi na lawama hiyo mwaka mzima. Nikikaribia mashine, watu wananipisha kama mwenye upele. Nikimpelekea mwoka mikate risiti, ananiambia niiweke chini, ataiokota. Na kaka, usoni hana hata haya, akaanza kuitwa Fundi Mkuu. Nilipopanda basi kuja huku alinibebea begi mpaka kituoni, akaniambia nisijali, watu watasahau. Nilimwangalia dirishani mpaka basi likakata kona, na nikajiapiza kwamba mimi sitasahau hata kidogo.

Haya kaka, tumefika. Vuta pumzi, kaa vizuri, soma kama ilivyoandikwa:

Mimi, mtoto wa kwanza wa nyumba hii, asubuhi ya ajali nilishusha vinundu vya cheni kwa tupa bapa niliyoazima kwa fundi wa baiskeli, ili mashine ikate haraka mbele ya mwoka mikate. Baba alipoumia, niliogopa, nikamsingizia mdogo wangu. Nimelinyamazia jambo hilo miaka kumi na mmoja nikila na baba sahani moja.

Baba, maneno hayo si yangu, ni ya huyo anayesoma. Nimeyaandika hivyo makusudi, ili angalau mara moja katika maisha yake neno mimi likae mahali pake. Na kwa kuwa barua inasomwa mara mbili, atayarudia. Akisita, mpe muda, lakini asiruke.

Sikubuni. Alikuwa nyuma ya banda la kuni, mguu mmoja juu ya tofali, mashine mapajani, na tupa yenyewe ilikuwa na mpini uliofungwa kitambaa chekundu, ileile niliyozoea kuiona kwa fundi wa baiskeli. Kila akimaliza kinundu kimoja alikuwa anapuliza vumbi la chuma na kulitazama jino kwa jicho moja, kama fundi kweli. Alikuwa amekwisha kushusha zaidi ya nusu.

Sasa utaniuliza nimeyajuaje ya tofali na ya kitambaa. Na utaniuliza kwa nini, nilipolia na kuapa siku ile, sikusema neno moja tu ambalo lingemaliza kila kitu, kwamba nilimwona. Hapa ndipo nilipoiacha kalamu siku mbili nzima. Nilifikiria kuishia hapo juu, barua ingekuwa tamu kwangu. Lakini nimemtaka mtu aseme kweli mbele yako na mimi mwenyewe niifiche yangu? Hapana.

Nilimwona. Nilikuwa nimetoka kuchota maji, nikasimama kwenye kona ya banda na ndoo yangu. Nilijua anachofanya, na nilijua kwamba cheni ile haifai kugusa gogo. Nilikuwa na miaka kumi na saba na vinundu nilivijua kuliko yeye. Ningemwambia aache. Ningekuja kukuambia wewe, uliyekuwa unakunywa chai hatua ishirini kutoka pale. Sikufanya lolote kati ya hayo. Siku iliyotangulia kaka alikuwa amemwambia mwoka mikate kwamba yeye ndiye anayenoa cheni zote na mimi namshikia taulo tu. Mwoka mikate akampigapiga begani akamsifu, na mimi nimesimama palepale, vidole vyangu vyeusi kwa oili. Nilichukia, baba. Nilichukia mpaka nikakosa usingizi. Kwa hiyo nilipomwona anaiharibu cheni, nilifurahi. Nikasema moyoni, wacha mashine imrukeruke, imtoe kijasho chembamba mbele ya mwoka mikate, wote wamcheke, ndipo baba ataniita mimi nije niitengeneze. Mkono wako sikuufikiria. Nikaibeba ndoo yangu, nikaingia ndani, nikaanza kuosha vyombo, na nakumbuka nilikuwa naimba.

Nilikuwa bado naimba mama alipopiga yowe.

Ndiyo maana sikusema. Ningesema nilimwona, mngeuliza mbona nilinyamaza, na sikuwa na jibu la kukupa huku nakutazama. Nikaona afadhali niitwe asiyejua kunoa kuliko niitwe aliyejua akanyamaza. Nikamwacha kaka anipake matope, na huku nikimchukia kwa matope niliyokubali mwenyewe kupakwa. Sasa umejua wanao wote wawili.

Sikuandika haya ili nisamehewe haraka, wala chuki yangu kwa kaka haijapoa, nisije nikakudanganya. Ulipoteza vidole vitatu, baba. Mimi nimevigawa. Viwili ni vya kaka, kimoja cha kushusha vinundu, kimoja cha kunisingizia. Kimoja ni changu. Changu nimekikubali hapa kwa mwandiko wangu, na shangazi ni shahidi. Vyake avikubali yeye hapo alipokaa, akiwa ameiweka barua chini, kwa maneno yake mwenyewe na si ya kusomewa.

Kuhusu cheni, kuna jambo lazima ulijue kabla hujaipokea. Nimeitia tupa. Haikuhitaji, ilitoka kiwandani ikiwa kali, lakini nimeibana kwenye jiriwa nikapitisha tupa ya mviringo kila jino, msukumo mmoja mmoja, na vinundu vyote nimeviacha vilivyo. Ukiishika utavikuta. Bibi mwenye duka aliniuliza kwa nini najisumbua na cheni mpya, nikamwambia ni ya baba yangu. Kama hutaki cheni iliyoguswa na mkono wangu, huna haja ya kunielezea sababu. Mpe shangazi, naye atampa dereva.

Mpe mama pole ya goti, na umwambie kwamba maharage hayo yameshachambuliwa vya kutosha, aje akae karibu yako. Shangazi msimsumbue kwa maswali, amenisaidia kwa sababu nilimwomba kwa machozi. Wewe nakuombea macho yako yafunguke. Kaka, shikamoo. Nilikuambia utaipata mwisho.

Barua ya kunijibu si lazima, baba. Basi linarudi huku Jumatatu saa tisa mchana. Nitafunga dirisha langu mapema, niende kituoni nikasimame mahali linapoegesha. Dereva akiteremka na kifurushi, nitakichukua nirudi kazini. Akiteremka mikono mitupu, nitajua cheni yangu iko kwenye mashine yako.

Ni mimi,
binti yako, fundi.